Kwa nini vifaranga wa samaki malaika hufa siku chache baada ya kuanza kuogelea?

Swali la msomaji: Nina jozi ya samaki malaika ambao wametaga mara nne katika tangi la lita 120. Mara tatu za kwanza niliwaachia mayai, nao wakayala. Mara ya nne niliyahamishia kwenye tangi dogo jipya, yakaanguliwa vizuri, na vifaranga walipoanza kuogelea nilikadiria kuwa walifika 200. Niliwalisha kiini cha yai la kuchemshwa mara tano kwa siku. Maji sikuyabadilisha, kwa sababu niliogopa kuwasumbua wakiwa wadogo kiasi hicho. Siku ya nne wakaanza kufa, na kufikia siku ya saba hakubaki hata mmoja. Nilikosea wapi, na je, mara nyingine niwaachie wazazi?

Jibu: Pole sana. Kila aliyefuga samaki hawa anaijua asubuhi ya namna hiyo, pale unapowasha taa ukakuta waliokuwa wakiogelea jana wamelala chini kama vumbi jeupe. Hata hivyo maelezo yako yana habari njema ndani yake. Mayai yaliyoanguliwa ni mayai yaliyorutubishwa, kwa hiyo una dume na jike wa kweli, wala si majike wawili waliojifanya jozi, jambo ambalo hutokea mara nyingi kwa samaki malaika kwa kuwa ni vigumu kuwatofautisha kwa macho. Vilevile, vifaranga waliofikia kuogelea walikwisha kupita hatua ambayo wafugaji wengi wapya hukwama, ile ya mayai kugeuka meupe na kuota kuvu. Hasara yako ilianza pale tu uhai wao ulipoanza kutegemea chakula unachowapa na maji unayowawekea, na mambo hayo mawili, ambayo tumezoea kuyazungumzia mbalimbali, katika tangi la vifaranga ni jambo moja.

Kumbuka walivyokuwa siku ya kwanza baada ya kuanguliwa. Hawakuwa samaki bado, bali mabuu walionata kwa vichwa vyao juu ya jani au kigae, kila mmoja akitikisa mkia bila kwenda popote, hata kundi zima likaonekana kama zulia linalotetemeka. Kila mmoja alikuwa na mfuko wa kiini tumboni, na huo ndio uliomlisha kwa siku tano hadi saba alipokuwa ameng'ang'ania pale. Siku anapojiachia na kuogelea kwa usawa, mfuko huo umebaki kidogo sana au umekwisha kabisa. Kuanzia hapo hana akiba. Asipopata chakula anachokitambua na kukimeza ndani ya siku moja au mbili, nguvu za kukitafuta humwishia, na hata ukimletea chakula bora baadaye hataweza tena kukifuata. Kifo chenyewe huchelewa kidogo kuonekana, ndiyo maana mfugaji hudhani kuwa tatizo lilianza siku ya nne, kumbe lilianza siku ya kwanza.

Kiini cha yai kina lishe, sikatai, na wapo waliokuza vifaranga kwa kukitumia. Lakini kina kasoro mbili ambazo kwa samaki malaika ni nzito. Ya kwanza ni kwamba hakitembei. Kifaranga cha samaki malaika ni mwindaji tangu siku yake ya kwanza: hukaza macho, hujikunja kidogo mfano wa herufi S, kisha huruka mbele na kunyakua, na kinachomwamsha kufanya hivyo ni kitu kinachojongea mbele yake. Chembe za yai zinazoshuka chini kimyakimya humpita bila kumvutia, isipokuwa zile chache zinazomgusa mdomoni. Ya pili ni kwamba chembe zisizoliwa huoza kwa kasi katika maji ya nyuzi 27 au 28, zikitoa amonia na kuwapa bakteria karamu, nao bakteria hao hutumia oksijeni ileile wanayoihitaji vifaranga. Ulilisha mara tano kwa siku, katika tangi jipya lisilo na kichujio kilichokomaa, bila kutoa maji. Naamini kwamba baadhi yao walikufa kwa njaa na wengine kwa sumu, na pengine wale waliofanikiwa kula ndio waliomalizwa na maji.

Siku nyingine ukitaka kujua ni kipi kati ya hivyo viwili kinachoua, waangalie kwa lenzi au kwa tochi ya pembeni. Anayekufa kwa njaa ana kichwa kikubwa kuliko mwili, tumbo limeingia ndani, naye hulegea polepole mmoja mmoja. Wanaokufa kwa amonia huwa na matumbo yaliyojaa, hupumua mbiombio, hujikusanya juu au karibu na mapovu ya hewa, na hufa wengi kwa mpigo, mara nyingi usiku au saa chache baada ya mlo mkubwa.

Chakula ninachokuhimiza ukitafute ni artemia, yaani vijidudu vya maji ya chumvi ambavyo mayai yake huuzwa yakiwa makavu na huanguliwa nyumbani. Kijidudu kilichoanguliwa punde kina urefu wa karibu nusu milimita, kiasi ambacho kifaranga cha samaki malaika anaweza kukimeza tangu mlo wake wa kwanza, jambo ambalo samaki wengine wengi wenye vifaranga wadogo zaidi hawaliwezi. Kinaogelea kwa kurukaruka, kwa hiyo kinajitangaza chenyewe. Na kina rangi ya chungwa, ambayo ni zawadi kwako wewe mfugaji: dakika kumi baada ya kulisha, kila kifaranga aliyekula huonekana ana tumbo la mviringo lenye rangi hiyo linalong'aa chini ya taa, na yule asiyekula unamtambua bila kubahatisha. Mimi siondoki mbele ya tangi kabla sijaona matumbo hayo.

Kuyaangua mayai ya artemia si kazi ngumu. Chukua chupa ya plastiki, ikate kitako, uigeuze mdomo chini, kisha utie lita moja ya maji yenye gramu 25 hivi za chumvi isiyotiwa madawa mengine. Weka nusu kijiko cha chai cha mayai, pitisha mpira wa hewa hadi chini kabisa ili yasitulie, na uache taa ikiwaka karibu. Kwenye joto la nyuzi 26 hadi 28, mengi huanguliwa ndani ya saa 24, mengine yakachelewa hadi 36. Wakati wa kuvuna, zima hewa, subiri dakika tano hadi kumi, nawe utaona maganda matupu yakielea juu huku artemia wakikusanyika chini na upande wenye mwanga. Wavute kwa mpira mwembamba ukiwapitisha kwenye kitambaa chenye nyuzi zilizosongamana, wasuuze kwa maji yasiyo na chumvi, kisha uwape vifaranga. Usiyaruhusu maganda yaingie tangini, kwani vifaranga huyameza na hawawezi kuyameng'enya.

Uwe na chupa mbili zinazopishana kwa siku moja ili kila asubuhi uwe na mavuno mapya. Sababu yake ni kwamba artemia naye, kama kifaranga wako, huanza maisha akiishi kwa kiini chake mwenyewe, na kila saa inayopita bila kuliwa thamani yake ya lishe hupungua. Ukibakiwa na wengi, waweke kwenye maji yaleyale ya chumvi ndani ya jokofu, ambako hudhoofika polepole zaidi. Katika maji ya vifaranga, ambayo hayana chumvi, artemia huishi saa chache tu kisha hufa na kuoza. Kwa hiyo mlo mdogo mara nne au tano kwa siku ni bora kuliko mlo mmoja mkubwa, na mlo unaofaa ni ule unaokwisha ndani ya saa moja hivi. Minyoo midogo inayofugwa kwenye uji wa shayiri nayo inafaa siku ambayo chupa imekuangusha, ingawa kwa maoni yangu vifaranga wanaolelewa kwa minyoo hiyo pekee hukua taratibu mno, nayo huzama haraka na kujificha chini.

Sasa maji. Hofu yako ya kuwasumbua vifaranga inaeleweka, na ni hofu ya mtu anayewajali, lakini ndiyo iliyowaponza. Kifaranga hasumbuliwi na maji yanayobadilishwa taratibu kama anavyosumbuliwa na maji yaliyochakaa. Wanapoogelea tu, anza kufyonza uchafu wa chini kila siku kwa mpira wa hewa, ule mwembamba kama penseli, ukiufunga kwenye kijiti ili uweze kuuongoza bila mikono kuingia majini. Maji yaingie kwenye beseni jeupe, kwa kuwa lazima utavuta vifaranga wachache, na kwenye beseni jeupe utawaona na kuwarudisha kwa kikombe au kijiko. Wiki ya kwanza toa robo hadi theluthi moja ya maji kila siku. Kuanzia wiki ya pili, wanapokula kwa nguvu, toa nusu kila siku bila kukosa.

Maji ya kurudishia yawe na joto lilelile, tofauti isizidi nyuzi moja, nayo yaingie kwa kudondoka au kwa mchirizi mwembamba kupitia mpira uleule. Kama maji yako ni ya bomba na yametiwa klorini, kuyaweka kwenye pipa kwa siku nzima huku yakipigwa hewa kutaiondoa. Lakini kama mamlaka ya maji hutumia kloramini, kusubiri hakutasaidia, na ni lazima utumie dawa ya kusafishia maji ya samaki. Nunua pia vipimo vya amonia na nitriti, sumu nyingine inayotokana na amonia, uvitumie kila siku katika wiki mbili za kwanza. Vyote viwili vinatakiwa visome sifuri. Amonia huwa kali zaidi kadiri maji yanavyokuwa na joto na kadiri pH, yaani kipimo cha uasidi na ualkali wa maji, inavyopanda, na kwa kuwa joto la vifaranga hatuwezi kulishusha, hatuna nafasi ya kuivumilia hata kidogo.

Kichujio kinachofaa ni kile cha sponji kinachosukumwa na pampu ya hewa, kwa sababu hakiwezi kuwameza. Hapa naomba unisikilize kwa makini: sponji mpya, hata ikiwa safi namna gani, haisaidii kuondoa amonia. Kinachosaidia ni bakteria wanaokaa ndani yake, nao huhitaji wiki nne hadi sita kuenea. Sponji hiyo ikomazwe ndani ya tangi la wazazi, kisha ihamishwe ikiwa bado imelowa siku vifaranga wanapoogelea. Niliwahi kupoteza kizazi kizima, vifaranga wenye siku 12 waliokuwa wakila vizuri ajabu, kwa sababu niliiona sponji yao imekuwa nyeusi nikaifua kwa maji ya bomba yenye klorini. Usiku mmoja ulitosha. Tangu hapo sponji huikamua tu, na huikamua ndani ya ndoo ya maji niliyoyatoa kwenye tangi lenyewe.

Kuhusu tangi, lita 20 hadi 40 bila changarawe wala mapambo zinatosha mwanzoni, na siku za kwanza usilijaze. Maji ya kina cha sentimita 15 huwaweka vifaranga na chakula chao karibu, hivyo hawapotezi nguvu kwa kusafiri. Acha taa hafifu iwake usiku katika wiki ya kwanza, na usizime wala kuwasha taa kubwa ghafla katika chumba chenye giza, maana huruka ovyo na kujigonga. Ukiona utando wa mafuta juu ya maji, uondoe kwa kupitisha karatasi laini juu yake, kwa kuwa unazuia hewa kuingia majini.

Mayai yenyewe uliyashughulikia vizuri, kwa hiyo nitayapitia kwa ufupi. Hamisha jani au kigae saa chache baada ya wazazi kumaliza kutaga, ukitumia maji ya tangi lao. Weka jiwe la hewa sentimita chache kutoka kwenye mayai, ili mapovu yafanye kazi ambayo wazazi huifanya kwa kuyapepea kwa mapezi ya kifuani. Tia bluu ya methilini hadi maji yawe na rangi ya samawati unayoweza kuona kupitia kwake, ili kuvu isisambae kutoka kwenye mayai yaliyokufa hadi kwenye yale mazima. Yataanguliwa baada ya siku mbili hadi tatu. Baada ya hapo punguza rangi hiyo kwa kubadilisha maji kidogo kidogo, na usiingize sponji kabla haijaisha, kwa kuwa dawa inaweza kuwadhuru bakteria wake. Mabuu wasiojiachia bado usiwape chakula chochote.

Wakivuka siku kumi za kuogelea utapumua, lakini kazi haijakwisha. Hadi wiki ya tatu wanafanana na samaki wa kawaida tu, warefu na wembamba, na wengi huniuliza kama kweli hawa ni malaika. Kisha, kati ya wiki ya tatu na ya tano, mwili huanza kupanda juu, pezi la mgongoni na lile la chini hurefuka, na yale mapezi mawili ya tumboni huchomoza kama nyuzi. Hicho ndicho kipindi ambacho nafasi huamua umbo la samaki kwa maisha yake yote. Kifaranga anayekosa nafasi wakati mapezi yanarefuka hubaki mdogo na mwenye mapezi yaliyopinda, na huwezi kumrudishia alichokikosa hata ukimhamishia kwenye tangi kubwa baadaye. Kwa vifaranga 200, lita 40 hazitoshi tena kufikia wiki ya tatu, na unahitaji kuwagawa katika matangi makubwa mawili au matatu. Kama huna matangi hayo, lea 50 au 60 tu. Samaki 50 wenye mapezi yaliyonyooka wananifurahisha kuliko 200 waliodumaa, na naamini wewe pia utaona hivyo.

Katika kipindi hicho anza kuchanganya artemia na chakula kikavu kilichosagwa hadi kuwa unga. Kitangulize wakiwa na njaa asubuhi, kisha uwape artemia, na baada ya wiki moja au mbili watakuwa wamekizoea. Utawaona pia wenye kasoro: wanaoburuza tumbo chini kwa sababu kibofu chao cha hewa hakikujaa, wasio na vifuniko kamili vya matamvua, na waliokosa pezi moja la tumboni. Nyingine ni za kurithi, na nyingine hutokana na maji machafu ya wiki za mwanzo. Wanaoburuza tumbo huwa hawaponi. Kuwaondoa ni jambo zito, nami silifanyi bila kusikitika, lakini kuwaacha wafe polepole kwa njaa huku wenzao wakiwapita si huruma. Mafuta ya karafuu yaliyokorogwa majini kwa kiasi kikubwa huwalaza kabisa bila mateso. Usiwamwage kamwe, wazima wala wagonjwa, katika mto au bwawa.

Uliuliza kuhusu wazazi. Samaki malaika ni jamii ya sikilidi, na asili yao ni mito ya bonde la Amazon, ambako dume na jike hulinda mayai pamoja, huwahamisha mabuu kwa midomo kutoka jani hadi jani, na hutembea na kundi la vifaranga kama kuku na watoto wake. Jozi changa mara nyingi hula mayai yake ya mwanzo, ama kwa kutojua la kufanya, ama kwa sababu wamehisi hatari. Tangi lako lina samaki wengine? Hukusema. Kama wapo, wazazi wako huenda waliyala mayai kwa sababu waliona hawawezi kuyalinda, na wakiwa peke yao wanaweza kubadilika kabisa. Tofauti na samaki diskasi, ambao vifaranga wao hula ute wa ngozi ya wazazi, samaki malaika hawawalishi watoto wao, kwa hiyo hata ukiwaachia wazazi, artemia ni juu yako.

Ushauri wangu wa hatua inayofuata ni huu. Jozi iliyopoteza mayai huweza kutaga tena baada ya siku kumi hadi kumi na nne, na kwa hesabu hiyo wako pengine wanakaribia kutaga tena. Weka sponji mpya leo katika tangi lao, lakini mayai yajayo usiyatoe, kwa kuwa sponji haitakuwa imekomaa. Hamisha samaki wengine, funika upande mmoja wa tangi kwa karatasi ili wasishtuliwe na wapita njia, acha taa hafifu usiku, na uwaangalie wazazi wanavyofanya bila kuwakaribia mno. Wakiyala tena, hujapoteza kitu. Wakiyalea, siku ya tatu baada ya mayai kuanguliwa tia mayai ya artemia kwenye chupa ya kwanza, na ya pili siku inayofuata, ili asubuhi ya kwanza utakapowaona vifaranga wameachana na jani, mlo wao uwe tayari unarukaruka ndani ya kikombe mkononi mwako.